MISINGI YA KUENDESHA MRADI

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya watu katika bwalo hili nilikuwa kidato cha pili, na nilisimamishwa juu ya benchi kwa kosa la kuchelewa paredi. Leo nimesimama kwa kualikwa, na nimefurahi kuona kwamba benchi limeondolewa.

Kamati imeniomba nizungumzie misingi ya kuendesha mradi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyoniweka mjini tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Nadhani pia imeniomba kwa sababu nyingine, ambayo kila mmoja wetu aliyepita nyuma ya bwalo hili asubuhi ya leo ameiona. Nitaifikia mwishoni.

Mradi ni nini?

Tuanze na maana. Kupika ugali wa wanafunzi kila siku si mradi; ni kazi ya kawaida isiyo na mwisho maadamu shule ipo. Lakini kujenga jiko la kupikia ugali huo ni mradi. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye fungu lake la fedha na lengo linaloweza kupimwa. Jiko lipo au halipo. Linapika au halipiki. Mtu anayesema mradi wake "unaendelea vizuri" bila kuweza kutaja utakwisha lini na utaacha nini nyuma yake, huyo hana mradi. Ana shughuli.

Msingi wa kwanza: jua unatafuta nini

Swali la kwanza si "tujenge nini?" bali ni "tuna shida gani?" Maswali haya mawili yanafanana kwa sura, lakini ni watoto wa mama tofauti. Mwenye kuanza na jengo huishia na jengo. Mwenye kuanza na shida huweza kugundua kwamba haihitaji jengo hata kidogo.

Nchi yetu ina mfano ambao ungestahili kufundishwa katika kila shule. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wazo likatolewa kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulitaja ekari zaidi ya milioni 3 katika muda wa miaka 6, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa karibu paundi milioni 25. Shida ilikuwa ya kweli, maana watu wa Uingereza walikuwa wakipimiwa mafuta kwa kadi. Lakini tangu siku ya kwanza watu walisahau mafuta wakashika ekari. Ushindi ukawa ni kuhesabu ekari zilizofyekwa, na hakuna mtu anayekaangia chakula chake ekari.

Msingi wa pili: pima kabla ya kukata

Wataalamu waliotumwa mwaka 1946 walikaa katika nchi zilizohusika kwa muda wa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliiona kwa ndege. Kutoka angani Kongwa ilionekana nchi tambarare, yenye vichaka na isiyo na watu wengi. Hawakuuliza kwa nini haikuwa na watu wengi. Wagogo wangewajibu bila kudai posho, kwa kuwa kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, iliyowakumba baina ya mwaka 1917 na 1920, ilikuwa bado mbichi vichwani mwa wazee. Mvua ya kule haina ahadi. Nao udongo, ukishakauka, hushikamana ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga iliyokomaa chini yake haing'oki kwa urahisi.

Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, na fundi wa kuyatengeneza pamoja na vipuri vyake havikutangulia. Bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa na shehena, na reli ya kwenda bara ilikuwa njia moja tu. Shabaha ya mwaka 1947 ilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na paundi zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Sasa linganisheni na Reli ya Uhuru. Mapatano ya Tanzania, Zambia na China yalitiwa sahihi mwaka 1967. Hawakukimbilia kuweka reli. Wapimaji walitembea porini, wakapima mito na kuchunguza miamba, na kazi hiyo ya upimaji na uchoraji ikachukua muda wa miaka miwili hivi. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo njia hupanda milima, yalihitajika mahandaki 18. Hata hivyo reli zilifika Zambia, mwisho wa kilomita 1,860, Juni 1975, na njia nzima ikakabidhiwa Julai 1976. Wale wa karanga walidhani upimaji ni kupoteza wakati. Wale wa reli waliwekeza wakati katika upimaji, nao ukawarudishia.

Msingi wa tatu: mafiga matatu

Kila mradi hukaa juu ya mafiga matatu: muda, gharama na ubora. Ukilisogeza figa moja, chungu kinainama mpaka usogeze na mengine. Mkitaka kazi iishe mapema, ama mtaongeza fedha ama mtapunguza ubora. Mkitaka kupunguza fedha, ama mtangoja ama mtapata kitu hafifu. Mwenyekiti wa kikao akisema, "Tunataka haraka, kwa bei ndogo, na iwe ya kudumu," msimpigie makofi. Mwombeni achague mawili, kisha aseme wazi la tatu atalilegeza kiasi gani.

Pamoja na makisio, wekeni akiba ya dharura. Asilimia 10 ya gharama yote ni kawaida. Hiyo si fedha ya chai ya Kamati. Ni ya yale ambayo hakuna aliyeyaona, na katika ujenzi hayo hayakosekani.

Msingi wa nne: mpangilio wa kazi

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Mmarekani Henry Gantt alieneza, miaka zaidi ya 100 iliyopita, mchoro wenye mistari unaoonyesha kila kazi inaanza lini na kuisha lini. Baadaye, mwaka 1957, kampuni ya DuPont ya Marekani ikatumia njia ya kukokotoa ni mnyororo upi wa kazi ulio mrefu kuliko yote. Na mwaka 1958 Jeshi la Majini la nchi hiyo likaanzisha njia inayofanana nayo kwa ajili ya makombora ya Polaris. Jina linatisha, lakini hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Vijana, chukueni kalamu.

Tuseme shule inataka kurudisha maji. Kuna kazi tatu zinazoweza kwenda kwa pamoja. Kwanza, kuagiza pampu mpaka ifike: siku 45. Pili, kujenga mnara wa zege wa kubeba tangi: siku 15 za kujenga na siku 28 za kungoja zege ishike nguvu zake, jumla siku 43. Tatu, kuchimba mtaro siku 20 na kulaza mabomba siku 10, jumla siku 30. Zote zikishakwisha, ndipo hufuata kufunga mitambo, kupandisha tangi na kujaribu: siku 7. Mradi mzima utachukua siku ngapi? Msijumlishe zote. Utachukua siku 45 na siku 7, yaani 52, kwa sababu pampu ndiyo mnyororo mrefu.

Sasa sikilizeni faida yake. Mkiwaleta vibarua maradufu, mtaro na mabomba vikaisha kwa siku 20 badala ya 30, mmeokoa siku ngapi? Hata moja hamkuokoa. Mmetumia fedha na jasho ili mtaro ukae wazi ukingoja pampu, na mvua iufukie. Lakini barua ya kuagiza pampu ikilala wiki moja mezani kwa mtu, mradi mzima umechelewa wiki moja, ingawa mtaani kila mtu anaonekana anatoka jasho. Na mnara una nafasi ya siku 2 tu. Fundi wake akiugua siku 3, yeye ndiye anakuwa mnyororo mrefu. Msimamizi mwema hakimbii kila mahali. Anajua leo akasimame wapi.

Msingi wa tano: taarifa ya kweli

Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa nieleze jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Mwaka 2008, nikiwa na miaka miwili tu kazini, nilikabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Wananchi walitoa mchanga, mawe na matofali, na kila Jumamosi walijitolea kwa nguvu zao. Serikali ikatoa fedha ya vifaa vya kiwandani na mafundi. Mchoro niliokuwa nao ulikuwa umetayarishwa kwa mahali pengine. Pale kijijini udongo ni mfinyanzi mweusi, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wazee waliniambia. Niliandika maneno yao katika daftari, nikafunga daftari. Msingi ulipochimbwa ilibidi uende chini karibu mara mbili ya kipimo, ukameza saruji yote ya kuta.

Ikafika mwezi Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30, na fedha isiyotumika ilikuwa hatarini kurudi Hazina. Nilifanya nini? Nilinunua mabati. Kuta zilikuwa hazijafika linta, lakini nilinunua mabati ya paa zima kwa kuwa yalikuwa rahisi kununua na risiti ilipatikana siku ile ile. Nikayafungia katika stoo ya wilaya. Kazi ikasimama kwa kukosa saruji.

Robo mwaka tatu mfululizo niliandika taarifa: "Ujenzi wa zahanati umefikia asilimia 70." Haikuwa uongo wa moja kwa moja. Fedha iliyokwisha kutumika ilikuwa kweli asilimia 70. Lakini mgonjwa hatibiwi ndani ya asilimia.

Masika iliyofuata mama mmoja alishikwa na uchungu usiku. Walimbeba kwa kitanda kwenda hospitali, na njia ilikuwa imeharibika. Wakaona hawatafika, wakamwingiza ndani ya kuta za zahanati. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Nilipofika kijijini wiki ile, mzee mwenyekiti wa kijiji hakunigombeza. Alinipa kiti, kisha akasema, "Mwanangu, walipumzika pale kwenye jengo letu. Halina paa, basi mvua ikawanyeshea."

Mabati yalikuwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Sikushtakiwa na mtu. Hakuna taarifa yoyote iliyoandikwa habari hiyo. Zahanati ilifunguliwa mwaka 2011, baada ya mhandisi mmoja mzee kunikalisha chini, akanifundisha kwa siku mbili haya ninayowaeleza leo kwa dakika arobaini. Tangu siku hiyo sipokei taarifa ya asilimia. Nauliza: ni kitu gani kimekwisha, nani amekiona kwa macho, na kipi kinachofuata kimezuiwa na nini? Taarifa mbaya iliyokuja mapema ni dawa. Taarifa nzuri ya uongo ni ugonjwa uliofichwa.

Msingi wa sita: mwenye dhamana na daftari

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kamati ni nzuri kwa kuamua, lakini haiwezi kusimama juani kuhesabu mifuko ya saruji. Lazima awepo mtu mmoja mwenye jina, ambaye mambo yakiharibika ndiye tutakayemwita, na ambaye tumempa uwezo unaolingana na lawama hiyo. Kumpa mtu lawama bila kumpa uwezo ni kumwonea. Kumpa uwezo bila kumkagua ni kumtia majaribuni.

Na walisema tena: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea, na anayepokea asiwe ndiye anayelipa. Si kwa sababu sisi ni wezi. Ni kwa sababu tunataka kuendelea kuwa marafiki.

Msingi wa saba: siku baada ya utepe kukatwa

Mwaka 1971 nchi yetu iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Lilikuwa lengo la heshima, na visima vingi vilichimbwa. Lakini mwaka 1991 ulifika na lengo halijatimia, na sababu mojawapo ni kwamba pampu zilikuwa zikifa upande mmoja huku mpya zikifungwa upande wa pili. Mafuta ya mashine, kipuri, fundi wa kijiji na mchango wa kulipia hayo yote havikuwa vimepangiwa mahali.

Hata Reli ya Uhuru, niliyoisifu hivi punde, inatufundisha jambo hili. Ilijengwa ichukue tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, lakini haijapata kufikia kiasi hicho. Kujenga kwa miaka mitano ni kazi moja, na kutunza kwa miaka hamsini ni kazi nyingine. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na asiyetenga fedha ya kuziba ufa, huyo ameshaamua kujenga ukuta, ila hajajua.

Nyuma ya bwalo

Ndugu zangu, sasa nifike pale nilipoahidi. Nyuma ya bwalo hili kuna msingi wa bweni ambao sisi wenyewe tuliuchangia miaka kadhaa iliyopita. Majani yameota ndani yake. Nilitoa mchango wangu, nikapigwa picha, nikarudi mjini, na sikuuliza tena. Simnyoshei mtu kidole, maana kidole changu mwenyewe kimo katika picha ile. Hatukuuliza tuna shida gani, hatukupima gharama mpaka paa, hatukumtaja mwenye dhamana. Kwa maneno mengine, tuliifanya ile zahanati yangu mara ya pili.

Leo mchana ajenda inayofuata ni kukusanya fedha upya kwa ajili ya bweni, na nimeona katika makabrasha kwamba bweni litapewa jina la chama chetu. Sipingi. Lakini jana jioni nilifika mapema, nikakaa na vijana hawa. Niliwauliza swali la kwanza: mna shida gani? Hakuna hata mmoja aliyetaja bweni. Wamesema pampu imekufa, na huamka saa kumi alfajiri kwenda mtoni na ndoo, wengine wanakosa kipindi cha kwanza. Kulala kwa kubanana wamezoea, kama tulivyozoea sisi. Kunawa hawawezi kuzoea kukosa.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. La kwanza, mkutano huu usipitishe jengo lolote leo. Uteue watu watatu, mmoja wao awe mhandisi kati yetu, na uwape siku 30 walete makisio ya maji na ya bweni, yote mpaka mwisho, pamoja na gharama ya kuyatunza kwa miaka 10. La pili, mradi wowote tutakaochagua upate mtu mmoja mwenye dhamana, na hesabu zake zibandikwe katika ubao wa matangazo wa shule, mahali ambapo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza atazisoma. La tatu, tukikubaliana na maji, tusione haya kwamba bomba halina mahali pazuri pa kuandika jina letu.

Najua bweni linaonekana barabarani na bomba limefukiwa chini. Lakini msingi nao hufukiwa chini, na ndiyo mada niliyopewa.